Tunda la Kumzika Diwani

Juma lililopita, nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa mjini, mama mmoja kutoka Karungu aliweka mezani tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu, lililovikwa sanda. Niliruka nyuma. Kwetu tunda hilo huzikwa badala ya mtu aliyepotea, mwili wake usipatikane.

"Nani amepotea, mama?" karani aliuliza, mkono mdomoni.

"Diwani wetu. Tangu tumpigie kura hatujamwona. Tuonyeshe pa kuchimba kaburi."

Mlango wa ndani, ambao barua zetu zote hazijawahi kuufungua, ulifunguka ghafla. Diwani alitokeza, jasho likimtiririka.

"Mama, niko hai!"

"Hai kwa nani?"

Jana nilipita tena. Tunda bado liko mezani, karani anaandikia mapajani. Diwani, nasikia, yuko Karungu, anasalimia nyumba kwa nyumba.