Sauti ya Habiba kwenye Simu ya Kliniki

Studio ya Kasimu ilikuwa chumba kimoja tu katika mtaa wa Makomeno, kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani ili kelele za pikipiki zisiingie. Hapo ndipo dada yake mkubwa, Habiba, aliposimama mbele ya mikro asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, akarekodi maneno ya kupokea watu wanaopigia simu kliniki ya jirani, yakianza hivi: "Bonjour, karibuni. Mungojee kidogo, muganga atawasikiliza."

Habiba alikuwa mshonaji, wala hakuwahi kuajiriwa na kliniki. Lakini sauti yake ilikuwa na utulivu ambao mgonjwa anauhitaji, na watu wakaizoea. Wateja waliokuja kupimwa nguo walikuwa wakimtazama kwa mshangao. "Mama, njo weye unaitikaka mu telefone ya kliniki?" Naye alikuwa akicheka mpaka pini zikamponyoka midomoni.

Kisha shingo yake ikaota uvimbe. Daktari aliyempasua alikuwa amemwonya mapema kwamba neva ya sauti iko karibu mno na mahali pa kisu. Uvimbe ukatoka na Habiba akapona, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono, tena mnong'ono uliomchosha kama mtu anayepanda mlima. Wateja walizidi kupungua, maana kushona ni pamoja na maongezi, na wengi waliona haya kumwambia arudie alichosema.

Watu wa kliniki hawakujua lolote. Siku moja katibu wao, Bénédicte, akaja studio.

"Papa Kasimu, tulibadilisha mashini ya telefone. Sasa sauti ya Mama Habiba iko inatoka sawa muntu anaongea ndani ya pipa. Bantu habasikie kintu. Utusaidie."

Kasimu akaitafuta rekodi ile ya zamani, akaanza kazi. Simu haibebi kila kitu ambacho sikio linaweza kusikia. Sauti nzito za chini hugeuka ngurumo, na za juu kabisa hugeuka mluzi. Akapunguza besi, akaunganisha njia mbili za sauti kuwa moja, akashusha mahali sauti ilipopasuka, akaihifadhi kwa aina ambayo mashine mpya inaikubali. Kisha akatoka kando ya barabara, kwenye makelele, akapiga simu kama mgonjwa yeyote. Haikuwa safi bado. Akarudi ndani, akarekebisha tena.

Habiba alikuwa amekaa mlangoni, akijisikiliza sentensi baada ya sentensi.

"Nilikuwa naongea vile?" alinong'ona.

"Njo vile, yaya," Kasimu akamjibu dada yake bila kugeuka, maana hakutaka uso wake uonekane.

Ilipotoka safi, Bénédicte akapiga simu kushukuru, kisha akaongeza ombi. Wodi ya wazazi imehamia jengo jingine na ina laini yake. Iongezwe sentensi moja ya namba ya kubonyeza, kwa sauti ileile: "Kwa mambo ya uzazi, mufinye mbili." Kasimu akasema sawa. Hakuwa na moyo wa kueleza kwamba sauti ile haipo tena.

Alijaribu kushona sentensi hiyo kwa vipande vya maneno ya zamani. Neno "uzazi" halikuwemo. Akaliunga kwa silabi za maneno mengine, likatoka gumu, halina mtu ndani.

"Weka mikro," Habiba akasema.

"Yaya, acha."

"Weka."

Akasimama wima, kifua mbele, kama siku ile ya kwanza. Ilitoka pumzi na mkwaruzo. Kasimu akaongeza nguvu, pumzi ndiyo iliyoongezeka. Akaipitisha kwenye simu, haikubaki hata hiyo: ulisikika upepo tu. Habiba akamnyang'anya simu, akasikiliza mwenyewe hadi mwisho. Akairudisha polepole.

"Ita Mounira," akasema.

Mounira, binti yake, alipoambiwa, alikataa katakata. "Mama, siwezi kuchukua nafasi yako."

Habiba akamvuta karibu ili asilazimike kusema mara mbili. "Bamama ba mimba bakipiga, nani atabaitika?"

Siku ileile Kasimu akaenda kumweleza Bénédicte ukweli. Bénédicte akajishika mdomo, macho yakamjaa machozi. Hata hivyo ilibidi aseme: sauti mbili kwenye laini moja zingewachanganya wagonjwa. Basi Mounira akarekodi maneno yote upya, mama yake akiwa mbele yake, akimwongoza kwa mkono: pole hapa, pumua pale. Msichana alisoma vizuri. Sauti yake haikufanana na ya mama yake hata kidogo.

Walipomaliza, Kasimu akauliza, "Ile ya zamani, nikuwekee mu telefone yako?"

Habiba akatikisa kichwa. "Ile ilikuwa ya bagonjwa."

Kasimu hakuifuta, lakini hajaifungua tena. Tangu hapo Habiba hakanyagi studio. Ijumaa, baada ya swala, Kasimu hupita kwake. Mounira huwamiminia chai, na Kasimu huanza habari za mjini: nani ameoa, nani amehamia Kinsevere kutafuta kazi ya mgodi. Huzirefusha awezavyo, ili dada yake asilazimike kunong'ona. Zikiisha, wanakaa wakitazama vikombe, hadi mmoja wao anaponyanyuka.