Barua ya Mwajiri

Karani wa mikopo ya nyumba, katika benki moja ya Homa Bay, hulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila karatasi, hata ile aliyoifunua jana. Bitutu, aliyeacha kazi Migori miezi minane iliyopita akawa kontrakta wa kujitegemea, amekitazama kidole hicho safari nne. Kila safari karani hupanga karatasi zake sawa na ukingo wa meza, kisha husema kwa upole wa mtu anayebembeleza mtoto: “Madam, bado barua ya mwajiri.”

“Mwajiri ni mimi!”

“Basi akuandikie.”

Leo Bitutu amejiandikia, akajisifu, akagonga muhuri. Karani aliuona muhuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akapiga nambari iliyo chini ya sahihi. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Bitutu. Karani akageukia ukuta kwa adabu, akingoja, mpaka Bitutu akaipokea.

“Habari yako. Naulizia mfanyakazi wako Bitutu. Ni mtu wa aina gani?”

“Ni mvumilivu,” alijibu Bitutu akimkodolea macho, “lakini leo atakupiga na kiti.”

Karani akalamba kidole, akaandika: mvumilivu.