Maneno ya Papa Mukubwa

Redio ikisoma mawazo ya watu wakubwa asubuhi, pua yangu hunusa udongo mweupe uliolowa. Miaka ya vita chaki zilikwisha mjini kwetu Kamina. Baba yangu, mwalimu wa darasa la sita, aliuchimba udongo huo bondeni, akaukanda, akauviringisha kuwa vijiti na kuvianika juu ya bati. Vilikwaruza ubao hadi meno yakafa ganzi, lakini viliandika. Kila asubuhi aliandika sentensi moja juu ya kazi au tabia, nasi tuliinakili kwa mwandiko wa kulala, wa herufi zilizoungana, kabla ya kugusa hesabu.

Sentensi nyingi zilikuwa za mtu mmoja. Mji mzima ulimwita Papa Mukubwa. Aliwahi kushika cheo kikubwa mbali na kwetu, akarudi kujenga nyumba ya ghorofa, na kila mwisho wa mwaka alikuja kutuhutubia shuleni. "Aliyetangulia kufika ndiye atangulie kusaidiwa." "Mwenye nguvu apande baada ya mnyonge." Maneno hayo aliyasoma kutoka kwenye karatasi, polepole, akisita kufuta miwani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Vita vilipokaribia kutoka upande wa Kabongo, ilisemekana treni moja tu ingeteremka Lubumbashi, na behewa moja lilitengwa kwa wagonjwa. Nkambo, mama yake baba, alikuwa amevimba miguu. Daktari alisema bila hospitali ya Lubumbashi hatapona. Baba alimkalisha kwenye baiskeli, tukaisukuma, tukafika stesheni kabla ya jua, wa kwanza kabisa. Mkuu wa stesheni aliandika jina la Nkambo juu kabisa ya orodha. Baba akatulia. Aliiamini orodha kama wengine walivyoamini bunduki.

Saa nne asubuhi lori la Papa Mukubwa likaja, mwenyewe amekaa mbele. Vibarua walipakia makochi, kabati na friji mbili katika behewa lile la wagonjwa mpaka likajaa. Nkambo aliwatazama kutoka kwenye mkeka wake.

"Ile frigo iko inaumwa miguu kupita miye?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alivua kofia, akamwendea mwenye mali.

"Papa, siye njo tulifika ba kwanza. Na mwenyewe mulisema ku masomo: mwenye kufika mbele, bamusaidie mbele."

Yule mtu alimgusa bega, bila hasira yoyote.

"Mwalimu, ile ilikuwa ya batoto."

Kisha akapanda, na mabehewa mengine yakiwa yamekwisha kujaa watu, treni ikaondoka. Tulimsukuma Nkambo hadi nyumbani. Vita havikuingia mjini, lakini yeye alikufa kabla ya mvua za kwanza. Friji zile zilifika salama.

Wiki iliyofuata mazishi, baba alisimama mbele yetu akaandika ubaoni: "Aliyetangulia kufika ndiye atangulie kusaidiwa." Nilifunga daftari. Alikuja mpaka kwenye benchi langu.

"Andika, mama," alisema, kama baba zetu wanavyowaita binti zao.

"Siandike maneno ya ule muntu."

Aligeuka, akarudi ubaoni. Hakuniadhibu. Nilimwona mwoga, na nilimwona hivyo kwa miaka mingi.

Baba alipofariki, nilipanga karatasi zake mwaka kwa mwaka, kama nipangavyo kila kitu. Katika bahasha moja nilikuta hotuba zote za Papa Mukubwa. Zilikuwa kwa mkono wa baba, kwa mwandiko ule wa kulala, na neno baya limekatwa, zuri limeandikwa juu yake. Pembeni palikuwa na kikaratasi cha mkono mwingine: "Mwalimu, uniandikie tena kitu kidogo juu ya tabia."

Yule mtu hakuwa na sentensi hata moja. Pale stesheni alirudishiwa maneno na mwenyewe aliyeyatunga, akayaita ya watoto, na baba, kwa adabu yake, hakumkumbusha mbele ya watu. Mpaka leo yanasomwa redioni kwa jina la aliyeyasoma, na mpaka leo damu yangu huchemka. Lakini hasira hiyo haiishii kwake. Darasani tulikuwa wengi, na mtu mmoja tu ndiye aliyekataa kuandika maneno ya baba yangu.