Chini ya Nani?

Nakumbuka mchana mmoja wa vita, mwanangu, Kindu ikingoja wanajeshi waingie. Maduka yalikuwa yamefungwa, tajiri wa kituo cha mafuta alikuwa amekimbilia Kibombo, na mimi, kijana wake wa pampu, nimeachiwa tangi lililojaa esanse, petroli ya magari, chini ya ardhi. Nikajiambia, hawa hawataendesha magari yao kwa mafuta yetu. Nikashika mpini wa pampu ya mkono, nikaimwaga esanse yote katika shimo nyuma ya kituo. Udongo uliinywa mbele ya macho yangu.

Shangazi yangu Zaina, aliyepika wali wa kuuza nyumba ya pili, alisikia harufu akaja mbio, mwiko mkononi.

"Unamwanga wapi hii mafuta?"

"Chini tu, shangazi."

"Chini ya nani?"

Nilicheka. "Chini nayo iko na mwenyewe? Rudia wali yako, itaungua!"

"Cheka tu. Akili yako inaishia ku meno."

Wanajeshi walikuta tangi tupu. Mimi nilikuwa nimeshatoroka. Kisa hicho nilikisimulia Lubumbashi, nikakisimulia Ubelgiji, kila mara nikikitia chumvi. Sikurithi kitu, mwanangu. Nilisoma huku nikibeba mizigo, nikapata diploma ya uinjinia wa maji, na nasema bila haya kwamba darasani hakuna aliyenipita.

Niliporudi nilimkuta shangazi amepinda mgongo, akipandisha ndoo kutoka mto Lualaba. Kisima chake kilikuwa palepale kando ya mlango, kimefunikwa bati. Esanse niliyoimwaga ilikuwa imepenya hadi humo; wali aliopikia maji yake ulinuka, wateja wakahama wote.

"Mutu ya diploma njo huyu," alisema. "Nataka kunywa maji ya kisima yangu mbele ya kufa."

Nilifanya yote niliyofundishwa. Niliondoa udongo wa lile shimo, nikatoboa visima vidogo, nikavuta maji na kuengua mafuta yaliyoelea juu, nikapuliza hewa ardhini. Kiangazi maji yakatoka safi. Nikavaa koti, nikaita majirani, nikahutubu. Shangazi alikunywa kikombe kizima.

"Tamu," akasema.

Kisha mvua ikaanza. Maji ya chini yakapanda, yakayakuta mafuta yaliyong'ang'ania udongo wa juu, yakayabeba. Jambo hilo nililisoma vitabuni. Siku ya hotuba sikutaka kulikumbuka. Nilirudia kazi mara ya pili, mara ya tatu. Kila mvua harufu ilirudi.

Mara ya mwisho shangazi alivuta ndoo, akanusa, akabaki ameishika.

"Nimwange wapi, mutoto yangu?"

Nilitazama uani kote, sikuona mahali pa kumwonyesha. Alipofariki tulimwosha kwa maji ya mtoni.

Mwanangu, unayeosha mawe ya madini Kalima, unayeuza mafuta kwa chupa barabarani, kabla hujamwaga kitu uliza kinakwenda kwa nani, na umwulize yeye anayekunywa huko. Usijidanganye kwamba kisomo kitakuja kurekebisha. Diploma yangu iko ukutani, na kisima cha shangazi kimefunikwa bati hadi leo.

Mungu akupe maji yasiyo na harufu. Akupe na mtu wa kukuuliza, na masikio ya kumsikia ungali umeshika mpini.