Kaboni Mezani kwa Baba

Likizo ile niliimalizia nyumbani Itigi, kompyuta ikiwa mezani juu ya kitambaa alichofuma marehemu mama. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia, na kompyuta ile ilikuwa ikinifanyia hesabu za tasnifu yangu. Baba alikuwa amestaafu reli, alikotengeneza nyaya za simu za stesheni kwa miaka mingi.

"Hesabu ya nini hasa?" aliniuliza.

Nikachora kwa penseli nyuma ya bahasha. Nikamwambia ule weusi wa penseli ni kaboni. Ukiibandua ikabaki tabaka moja tu la atomu, ukaipandikizia atomu za kalsiamu, hesabu zinatabiri kuwa umeme utapita bila ukinzani wowote, mradi kuwe na baridi kali.

"Waya usipate moto?"

"Usipate moto kabisa, baba."

Akaivuta bahasha karibu. "Baridi ya hapa mwezi wa saba inatosha?"

"Haifiki hata karibu."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Wiki ya pili jibu likatoka. Baridi iliyohitajika ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani mimi na mwalimu wangu. Nilipiga vigelegele peke yangu, na baba akatoka kwenda kuwatangazia wastaafu wenzake. Alipokuwa huko, nikakagua na kuona kosa langu. Mitetemo ya atomu, ambayo ndiyo huziunganisha elektroni mbili mbili zikapita bila ukinzani, nilikuwa nimeipima kwenye nukta chache mno. Nilipoziongeza, baridi iliyotakiwa ikawa kali kuliko hata tuliyoidhani mwanzo.

Nilimkuta uani anachambua choroko, nikamweleza huku nimeinamisha macho.

"Mwalimu wako umemwambia?"

"Bado. Nilitaka kwanza nirekebishe."

"Mwambie leo. Hitilafu ukiijua wewe, usingoje stesheni ya mbele iigundue."

Nikaandika ujumbe saa ileile. Kesho yake baba naye akarudi kwa wenzake kujisahihisha, kofia mkononi.

Nilifaulu shahada kwa jibu lile la unyonge. Ninavyojua, hakuna maabara iliyolijaribu hadi leo.

Baba ameshatangulia. Ninachokitamani ni zile asubuhi: chai ya maziwa, asali iliyotoka Rungwa, treni ya mizigo ikipiga honi, naye akinivutia kiti juani. "Hebu nieleze tena hizo elektroni zinavyotembea mbili mbili." Nami nilianza upya, na kila siku nilieleza vibaya kuliko jana, naye kesho yake aliuliza tena.