Mpira Juu ya Pampu

Tarehe kumi na moja Januari nilifiwa na mume wangu, hospitali, hapa London. Kabla mwezi haujaisha, pampu aliyoifunga chini ya ngazi ikaanza tena kuvuja.

Ni pampu ndogo ya kuzungusha maji moto ndani ya nyumba. Bafu letu liko juu, mbali na boila, na zamani ukifungua bomba ulisubiri maji moto mpaka ukakata tamaa. Mume wangu hakuwa fundi, alikuwa dereva wa basi. Lakini alikuwa akiniona natawadha alfajiri kwa maji baridi huku nimeuma meno, akanunua pampu, akaifunga mwenyewe akitazama video kwenye simu. Tangu hapo nikifungua bomba maji yalitoka na moto wake.

Mwaka jana ilivuja kwenye maungio. Alikuwa ameshaanza kuumwa, hata kupiga magoti kwake ilikuwa kazi. Akatoa mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu ya binti yetu, akaukata utepe mrefu, akauvuta na kuuzungusha juu ya maungio, kama watu wanavyofunga mabomba kwetu Tanga.

"Hapa si Tanga," nilimwambia. "Mwite fundi."

"Maji ni maji, bibie. Yanajua pasipoti?"

Mpira ukashika. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho iliyofanywa na mikono yake katika nyumba hii. Baada ya hapo alilala, hakuinuka tena kutengeneza kitu.

Pampu ilipoanza kuvuja tena nilikuwa ndani ya eda. Nikaweka beseni chini. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hunijibu kwa Kiingereza, akasema ataita fundi. Nikamwambia mwanamume wa kando haingii humu mpaka nitoke eda. Akatafuta fundi mwanamke, akakosa. Nikampigia simu dada yangu aliyeko Tanga, nikidhani ataniunga mkono.

"Eda haikukataza nyumba kutengenezwa," alisema. "Wewe kaa chumbani, fundi afanye kazi yake. Nyumba ikioza, hiyo eda utaikalia wapi?"

Alisema kweli. Na mimi nilijua kwamba si eda iliyonizuia. Sikutaka mtu aufungue ule mpira.

Kwa hiyo nikachukua glavu zangu za kuoshea vyombo, zile za manjano, nikazikata vipande virefu na kuvifunga juu ya mpira wake. Wa kwake sikuugusa. Nilivuta mpaka vidole vikauma, na matone yakakoma. Nilikaa kwenye ngazi nikiitazama kazi yangu, nikaona nimeweza. Kesho yake maji yalikuwa yamepita chini ya zulia mpaka kwenye korido, na mbao za sakafu zilikuwa zimevimba. Nikamwambia binti yangu aite fundi yeyote.

Aliyekuja alikuwa Mkenya, anakaa hapa hapa mtaani kwetu, Ilford. Mimi nilikaa sebuleni, mlango nimeurudisha kidogo ili nisikie.

"Nani alifunga hii kitu?" fundi alicheka. "Ni kama mtu alikuwa anapeleka mkaa soko na baiskeli."

Binti yangu akamwambia ni baba yake, na kwamba amefariki.

Kicheko kikakatika. "Pole sana, dada. Na mama, pole, huko ndani."

"Tumeshapoa, mwanangu," nilisema. "Kata hivyo vya manjano tu. Huo mweusi uache."

Nikasikia mkasi.

"Mama, maji inatoka chini ya hii nyeusi. Siwezi kuona kitu bila kuitoa."

"Huwezi kubadilisha washa tu, kile kiduara cha ndani cha kuzuia maji, huo mpira ukauacha?"

"Washa iko ndani ya nati, na nati iko ndani ya mpira."

Nikamwambia autoe. Mkasi ukashindwa, akaomba kisu.

Alipomaliza alikuja karibu na mlango. "Pampu yenyewe imeliwa, mama. Maji ilikuwa inajificha chini ya mpira, inakula chuma polepole."

"Kwa hiyo mpira ndio ulioiua?"

"Mzee alijaribu kusaidia..."

"Sema tu."

"Ndiyo, mama. Kama angeacha ivuje, ningebadilisha washa na ingekuwa imeisha."

Nilimwambia aweke nyingine. Akafunga koki mbili kukata maji, akaing'oa ile ya mume wangu, akaweka mpya aliyokuwa nayo garini. Haikumchukua muda mrefu. Nilimsikia akimuuliza binti yangu kama ile ya zamani aende nayo, na binti yangu akamwambia aende nayo. Sikupinga. Pampu ni chuma. Nilipaza sauti tu kwamba mpira mweusi uletwe kwangu.

Binti yangu aliingia baada ya fundi kuondoka. Ule mpira haukuwa utepe tena. Joto lilikuwa limeuyeyusha ukawa kama lami, umekatwa vipandevipande, umemganda vidoleni. Alisimama mbele yangu amenyoosha mikono, hajui aviweke wapi vile vipande. Nikatandika gazeti mapajani, nikaanza kumbandua kimoja kimoja, lakini vingi vilibaki kwenye ngozi yake. Nikamwambia aende jikoni akanawe.