Mama Rogath na Simu ya Ndola

Kwa miaka mingi Blandina aliuza simu kwa mdomo wa mwenzake. Duka lake la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, lina wateja wa Zambia wanaonunua kwa jumla na kutumiwa mizigo kwa basi la Tunduma, mpakani, na Kiingereza chao alikipokea Thuraya, jirani yake anayeuza makava na chaja. Maduka yao yametenganishwa na ubao tu. Simu ikiita kutoka Ndola, Blandina hugonga ubao. Thuraya humwomba radhi mteja wake, huja, huongea, hucheka, hupatana bei, kisha hurudi kwake. Hajawahi kudai hata soda.

Mwezi huu Thuraya anaondoka. Binti yake, Rania, anakaribia kujifungua huko Muscat, na mama ameamua kwenda kukaa naye, pengine asirudi tena. Mteja mkubwa kuliko wote wa Blandina ni Mama Mulenga wa Ndola. Huyo akipotea, duka litayumba.

"Mama Rogath, sasa utaongea mwenyewe," Thuraya alimwambia. "Mimi na mdomo wangu tunahama."

"Wewe nenda. Mdomo uache hapa."

Masomo yakaanza, asubuhi kabla mtaa haujajaa. Blandina, mzaliwa wa Rombo aliyeishia darasa la saba, majina ya vitu hayakumpa shida. Hayo ukikaa Kariakoo yanakuingia yenyewe. Kilichomtesa ni vile vineno vidogo vya katikati. Kwa Kiswahili laini iko kwenye simu, kioo kiko kwenye simu, simu iko kwenye chaji, na mwenye duka naye yuko kwenye simu, anaongea. Neno moja linabeba mzigo wote. Kiingereza kimegawa mzigo huo kwa watu wengi.

Thuraya alifundisha kwa bidhaa. Alichomeka laini. "Imeingia ndani: *in the phone*." Akabandika protekta ya kioo. "Imekaa juu: *on the phone*."

"Na picha? Hizo si zimo ndani?"

"*On*."

"Makubwa. Na mimi nikiwa naongea?"

"*On the phone*."

"Nimeikalia?"

"Usiniulize mimi, sikukukalisha. Shika hivyo hivyo."

Akashika. Alirudia akifagia, akarudia akipanga maboksi, mpaka wapita njia wakadhani anasali.

Jumanne asubuhi simu ya Ndola iliita. Blandina akagonga ubao kwa mazoea.

"Simo!" Thuraya akaitikia kutoka ng'ambo.

Hapakuwa na la kufanya. Blandina alipokea, na kwa kuogopa sentensi zake zisimponyoke, akazimwaga zote kwa mkupuo: simu ziko ndani ya boksi, protekta ziko juu ya simu, nipate kwa namba hii hii. Kila *in* na kila *on* ilikaa mahali pake.

"Wewe ni nani?" Mama Mulenga aliuliza kwa Kiingereza.

Swali hilo halikuwamo kwenye masomo. Blandina akarudia kwamba simu ziko ndani ya boksi. Ikakatwa. Alipopiga, haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile.

Thuraya alikuwa ameshafika mlangoni. "Umesema vizuri. Sikusikia kosa hata moja."

"Sasa mbona kanikatia?"

Thuraya alifikiri kidogo. "Hukumsalimia, shoga yangu."

Blandina akajishika mdomo. Yeye, ambaye mtu akija kuulizia chaja tu lazima kwanza aulizwe habari za kwake, watoto na safari! Alijifungashia Kiingereza cha bidhaa, salamu akaziacha nje. Na siku hizi kila mwenye simu amejifunza kumkatia mtu anayeanza na biashara.

"Kadhani simu yako imeibwa na matapeli," Thuraya alisema.

"Basi mpigie wewe umweleze."

Thuraya aliishika simu, akaitazama, akairudisha. "Nikipiga mimi, atakayemjua ni mimi. Niende naye Muscat?"

Blandina akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Kwa Kiingereza alichokuwa nacho alimsalimu Mama Mulenga, akajitaja, akauliza hali ya mguu uliokuwa ukimsumbua, akauliza wajukuu. Akaeleza kwamba Thuraya anaenda kwa binti yake na kwamba tangu leo yeye Blandina ndiye atakayeongea naye, pole pole. Zile *in* na *on* zilianguka popote zilipotaka. Hakuzijali.

Akatuma, akakaa juu ya boksi, mikono mapajani.

Simu ikaita. Mama Mulenga alikuwa anacheka. Alisema mguu haujambo, na kwamba alikuwa karibu aifungie namba hii. Wakaongea ya nyumbani kwanza. Walipofika kwenye mzigo, Blandina alitaja kimoja kimoja bila haraka, na alipokosea mwenzake alimwelewa. Mzigo ukawa uleule wa mwezi uliopita, na chaja zaidi.

Alipokata simu, Thuraya bado alikuwa amesimama pale.

"Mama Rania, ahsante."

"Ya nini? Si umeongea mwenyewe?"

"Ya miaka yote uliyoniongelea. Sikuwahi kukwambia."

Thuraya aligeuka akatazama mikokoteni ikipishana barabarani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Haya, fungasha mzigo wa watu," alisema. "Basi la Tunduma halitakusubiri umalize kushukuru."